Injini Haina Ugenini

Kuna swali la mafuta ambalo limenikalia kichwani kuliko maswali mengi makubwa tunayobishania kijiweni kila jioni. Ni hili. Rubani wa ndege ndogo amefika ugenini. Geji inamwonyesha kwamba tangi limebaki na kidogo mno, na mafuta ambayo kitabu cha ndege yake kinayataka hayapo pale alipo. Kilichopo ni petroli ya kawaida, hii hii wanayojaziwa bodaboda. Je, ana ruhusa ya kuitia?

Wapo watakaosema hilo ni swali la mafundi, tuwaachie mafundi. Mimi nasema la. Fundi anaweza kukwambia injini itavumilia nini. Hawezi kukwambia kama una haki ya kuivumilisha, hasa pale ambapo nyuma yako ameketi mtu mwingine aliyefunga mkanda na kukuamini.

Nalileta swali hili hapa Morogoro, mji kasoro bahari, kwa sababu hapa linaonekana kwa macho. Barabara kuu imejaa vituo vya petroli, lakini hakuna pampu ya barabarani inayouza avgas, yaani petroli maalumu ya ndege za pistoni. Katika viwanja vingi vya nyasi nchini, rubani anayeihitaji huletewa kwa mapipa au huibeba mwenyewe. Na nyuma ya mji imesimama milima. Mji uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lupanga peke yake unapita mita 2,100, na huko ndani, kusini zaidi, Kimhandu unapita mita 2,600. Mlima haujali rubani alipata mafuta gani. Unataka avuke au azunguke, basi.

Sasa tuelewane kuhusu hayo mafuta. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hushindiliwa na pistoni, plagi ikatoa cheche, na moto ukasogea kutoka kwenye plagi kwa utaratibu, kama moto wa shamba unaosimamiwa. Balaa huja pale sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na cheche inaposhindwa kusubiri. Kwa joto na mgandamizo inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Huko ndiko mafundi wetu wa gereji wanakoita injini kugonga. Kila mgongo ni kama nyundo juu ya kichwa cha pistoni. Namba ya oktani hupima jambo moja tu: mafuta yanaweza kushindiliwa kiasi gani kabla ya kulipuka ovyo. Petroli ya oktani kubwa haina nguvu zaidi, kama tunavyodanganyana vijiweni. Ina subira zaidi.

Avgas inayotumika sana duniani inaitwa 100LL, ina rangi ya buluu, na subira yake imetokana na madini ya risasi yaliyochanganywa humo. Zamani ilikuwapo na nyingine ya daraja la chini, 80/87, yenye rangi nyekundu, kwa ajili ya injini zisizoshindilia sana. Hiyo imetoweka karibu kila mahali. Na usidanganywe na namba za pampu za magari, kwani hupimwa kwa njia nyingine iliyo ya upole zaidi. Tisini na tano ya barabarani si tisini na tano ya angani.

Chukua Cessna 206, ndege ambayo imekuwa punda wa viwanja vya nyasi vya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Nyingi zilitoka kiwandani na injini ya Continental IO-520, nguvu za farasi 300 wakati wa kuruka, inayoshindilia mchanganyiko mara 8.5. Kitabu chake kinataka 100. Sasa weka kando yake Cessna 182 ya miaka ya 1960, yenye injini ya O-470 inayoshindilia mara 7 tu, iliyobuniwa kwa ajili ya ile nyekundu, 80/87. Mtu aliyesimama chini ya mwembe ataona ndugu wawili, bawa juu, magurudumu matatu, propela mbele. Petroli ile ile kwa mmoja inaweza kuwa chakula, kwa mwingine sumu.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Methali hii tumelelewa nayo, na kusema kweli imetusaidia. Ukifika kwa watu wanaokula kwa mkono, kula kwa mkono. Ukikuta kitanda cha kamba, lala. Mgeni anayedai ya kwao ni mgeni mchovu, na mwenyeji atamchoka kabla ya siku ile ya tatu ya kupewa jembe. Ndiyo maana rubani aliyekwama, tena kijana mwenzetu, anaona ni jambo la adabu na la kiume kusema, "Kilichopo ndicho hicho, twende nacho." Anaona kukataa ni kudeka.

Lakini anayefumba jicho hapo ni nani? Rubani anaweza kufumba. Mwenye kiwanja anaweza kufumba. Silinda haifumbi. Injini haina ugenini, bwana. Ilivyokuwa Dar es Salaam asubuhi ndivyo ilivyo Morogoro jioni, inashindilia mara 8.5 ile ile, na petroli inapolipuka ovyo haiulizi kama mmefika salama au mmepokewaje. Ukarimu na uvumilivu ni mambo ya watu kwa watu. Tumeyazoea mno hata tunayapeleka mahali ambapo hakuna mtu wa kuyapokea.

Hapa lazima nijihadhari, maana ni rahisi kuteleza upande wa pili na kuanza kuabudu namba. Wapo watu wanaoongea juu ya mafuta ya daraja la chini kana kwamba ni najisi, ukiyagusa tu umeharibika. Hao nao wanakosea, na ushahidi uko hapa hapa Morogoro. Kampuni ya Airplanes Africa Limited imekuwa ikiunganisha mjini hapa ndege ndogo za viti viwili aina ya Skyleader 600, ambazo asili yake ni Jamhuri ya Cheki. Ndege za jamii hiyo hutumia injini za Rotax 912 kutoka Austria, na injini hizo zilibuniwa zikiwa na petroli ya magari akilini, ilimradi oktani yake ifike pale kitabu kinapotaka. Tena zikinyweshwa avgas kwa muda mrefu, ile risasi huganda kwenye plagi na kuchafua oili, na fundi hulazimika kubadilisha oili mapema zaidi. Umeona mambo? Hayo yanayoitwa mafuta bora ndiyo yanayoisumbua. Rotax ndiyo inayopaswa kusikitika inapofika ugenini ikakuta avgas tupu.

Na hata kwa injini za zamani mlango haukufungwa kwa ubishi. Mwaka 1982 chama cha marubani wapenzi wa ndege cha Marekani, EAA, kilipata kibali rasmi cha kutumia petroli ya magari kwenye Cessna 150. Hawakupata kwa kusema "tumejaribu na imeruka". Walirusha ndege kwa mamia ya saa wakipima. Walichokuwa wanakitafuta ndicho anachokihitaji rubani wetu pale Morogoro: kujua kabla, si kubahatisha halafu kushukuru.

Kwa hiyo "ya chini" ni chini ya nini? Ni chini ya hitaji la injini hii, leo, kwa uzito huu, kwa joto hili. Swali la maadili haliwi juu ya petroli. Linakuwa juu ya mtu na anachokijua, na juu ya nani atakayelipa akikosea.

Mshikaji wangu mmoja, utingo wa malori ya mizigo, alinibana hapo. "Sasa wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukwama," alisema. "Dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Hata msafiri anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani." Hoja nzuri, tena ya watu wenye elimu, na sikuwa tayari kuipita juu juu.

Ni kweli, safari hubadilisha wajibu. Dini imeliona hilo zamani: msafiri hufungua, hupunguza rakaa. Hakuna anayemwita mwizi wa saumu. Ila tazama vizuri ruhusa ile imejengwaje. Kwanza, mzigo uliopunguzwa ni wake mwenyewe. Hakuna mtu anayeshinda njaa mara mbili kwa sababu msafiri amekula. Pili, siku zile hazifutwi. Anazilipa baadaye, kadha, moja baada ya nyingine. Na tatu, wanazuoni waliosema dharura huhalalisha walisema pia kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye kufa na njaa anakula cha kumwokoa, hajazi kapu la kupeleka nyumbani.

Rubani wa 206 anayejaza petroli ya bodaboda anajipunguzia usumbufu yeye na kuuhamishia kwa abiria. Hiyo si ruhusa ya msafiri, ni deni alilolikopa kwa jina la mtu mwingine. Hapa Morogoro petroli haizungumzwi kwa mzaha. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Maneno mengi yalisemwa juu ya marehemu wale, mengine ya kikatili: tamaa, ujinga, wamejitakia. Mimi sina ulimi wa kuwasema. Aliyekwenda na dumu lake aliweka rehani mwili wake mwenyewe, kwa lita chache ambazo kwake zilikuwa fedha. Tulio wepesi kumhukumu yule tuwe wepesi pia kumwuliza rubani mwenye leseni ukutani ameweka rehani mwili wa nani.

Dharura nayo inabadilika na nyakati, jambo ambalo watu hulisahau. Mwaka 1957, pale Michael Wood na wenzake wawili walipoanzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ile iliyokuja kuwa Amref, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa na ndege au miguu, hakuna katikati. Leo rubani aliyekwama Morogoro na ndege tupu anaweza kupanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam Juni 2024, akafika kwa takriban saa mbili, akapanga mapipa ya avgas yaletwe kwa gari kesho yake. Itamgharimu. Hoteli, nauli, simu za bosi. Lakini gharama si dharura. Mengi tunayoyaita dharura ni ratiba tu.

Haya, lakini tuseme si Morogoro mjini. Tuseme ni kiwanja cha nyasi huko nyuma ya milima, kuelekea Kisaki, mwezi wa Aprili, barabara imekuwa tope, na kuna mama amejifungua na damu haikatiki. Rubani anayo 206, avgas kidogo tangini, na madumu ya petroli ya pikipiki. Utingo wangu alitabasamu aliponiuliza hili. Alijua amenipata.

Nimelifikiria usiku mwingi. Kwanza kuna mambo ambayo rubani mwenye akili anaweza kuyafanya ili kupunguza ubaya, na kuyajua ni sehemu ya maadili, si ufundi tu. Anashusha mizigo yote. Anatunza ile avgas iliyobaki kwenye tangi moja, kwa ajili ya dakika za kuruka, kwa maana injini hugonga zaidi inapokuwa moto na inapovuta kwa nguvu zake zote. Haivuki milima, anazunguka kwenye tambarare za mashariki, chini, kwa mwendo wa upole. Anakumbuka kwamba petroli ya magari hugeuka mvuke kirahisi kuliko avgas, na kwamba mvuke huo unaweza kuziba njia ya mafuta kadiri anavyopanda na joto linavyozidi. Akiyajua yote hayo, akamwambia mume wa yule mama kwa maneno yanayoeleweka, "Mafuta haya si yake, injini inaweza kutuacha njiani, mnataka twende?" na wakasema twende, mimi simtupii jiwe. Hata injini ikimwacha, simtupii.

Asipowaambia, hapo ndipo ninapoachana naye. Na usinijibu kwamba watu wa kijijini hawataelewa oktani. Hakuna mkulima wa Matombo au Mgeta asiyeelewa maana ya chombo kubebeshwa kisichokiweza. Kinachowazuia marubani kusema ni kwamba ukisema, mwenzako anaweza kukataa.

Kuna jambo moja la ndege ambalo linanitisha kuliko yote. Kwenye gari, injini ikigonga unaisikia. Dereva wa daladala anaisikia akipanda mlima, anapunguza, anatukana kituo alichojaza. Kwenye ndege ndogo kelele za propela na upepo humeza kila kitu. Rubani anaweza kuruka, injini ikipigwa nyundo dakika nzima, na yeye akaona kila kitu shwari. Anatua, anashukuru Mungu, anawaambia wenzake kwamba petroli ya kawaida haina noma. Wiki mbili baadaye ndege anayo rubani mwingine, na pistoni iliyoanza kuungua siku ile inamaliza kazi yake juu ya msitu.

Yule wa pili alikosa nini? Hakukosa kitu. Alisoma kitabu cha kumbukumbu za injini, akakuta kurasa safi. Ndiyo maana naona kadha ya rubani ni kalamu. Lita ngapi, petroli gani, wapi, tarehe gani, kisha fundi afungue plagi na achungulie silinda kabla ya mtu mwingine kupanda. Nusu saa ya aibu. Petroli yenyewe ninaweza kuisamehe. Ukurasa uliobaki mweupe siuwezi.

Na wala tusijidai kwamba ukurasa mweupe ni tatizo la marubani. Sisi ndio tuliolipa Kiswahili maana mpya ya neno uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, kwa sababu ndiyo taa na jiko la maskini, basi wajanja wakawa wanayachanganya kwenye petroli na dizeli, wakila tofauti ya bei. Mafuta ya taa yana oktani duni kabisa; petroli iliyochanganywa nayo hupoteza subira yake, na mteja hana alama yoyote ya kumwonya. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usilipe tena. Dawa ilifanya kazi kwa kiasi chake, lakini tazama nani aliyeinywa: bibi mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Deni la mwenye pampu lilifika kwake.

Kwa hiyo rubani wetu hata akiamua kwa dhati kutia petroli ya magari, na injini yake ikawa ya kuiruhusu, bado hajui kilicho ndani ya dumu mpaka apime. Ukweli wake umeegemea ukweli wa muuzaji, na wa muuzaji umeegemea wa dereva wa lori.

Nilipomsomea utingo rasimu ya makala hii alinyamaza muda mrefu, akatafuta jiwe la kukalia. Kisha akasema kitu ambacho sijakimaliza mpaka sasa. "Kaka, huyo rubani wako ni nani? Ni mwenye ndege au ni kijana wa kuajiriwa? Maana mimi nimeona madereva. Ukiandika kwamba umetia mafuta mabaya kwa sababu bosi hakutuma pesa, bosi anasoma kwanza jina lako, ndipo anasoma mafuta. Kesho usukani ni wa mwingine, na huyo mwingine haandiki."

Nilimwambia basi kitabu kile kisomwe kwanza na fundi, si na mwenye ndege. Akauliza fundi analipwa na nani.